Mlango wa Nyumba Namba Kumi na Saba

Kaka yangu Marcellin alikuwa na kazi ambayo watu hucheka nikiwaeleza: alihamisha nyumba. Si vyombo vya ndani, nyumba yenyewe. Kampuni iliyochimba bati upande wa Lusangi haikutaka kutujengea kwa matofali, kwa sababu mchanga wenye madini ukiisha bonde hili, watu wote walipelekwa bonde lingine. Basi nyumba za kampi zilikuwa za mabati, vipande kumi na viwili kila moja, vimeshikwa kwa bolti. Marcellin na wenzake watatu walizifungua asubuhi, wakazipakia kwenye lori, na kesho yake jioni mtu alilala mahali papya chini ya bati lile lile lililomvujia zamani. Alikuwa fundi kweli. Nalisema hili mapema, kwa sababu yanayofuata hayampambi, na mimi nilimpenda.

Mimi ni Émérance, mdogo wake. Wazazi wetu walipokufa Kabambare alinichukua nikakae naye kampini, yeye na mkewe Cécilia, katika namba kumi na saba. Cécilia hakunifanya mtumishi. Alinifundisha kupika sombe, majani ya muhogo, isiwe chungu, na kunyamaza mbele ya kapita msimamizi, na la pili ndilo lililonishinda.

Mwaka wa hamsini na tatu mtoto wao Mado, mwenye miaka miwili, aliharisha siku tatu akafa. Kwetu, nyumba ikitoa maiti ya mtoto, mlango ule haupitishi tena mimba wala mtoto, kifo kisirudi. Unazibwa kwa udongo, unatobolewa mwingine upande wa pili, ndipo mama anarudi kulala ndani. Kijijini ni kazi ya asubuhi moja. Lakini bati huwezi kulikandika udongo. Marcellin alifungua kipande chenye mlango akakipeleka nyuma, na kipande cha nyuma akakileta mbele. Mama yake Cécilia alikuja kutoka Kabambare kuangalia, akaizunguka nyumba mara mbili, akasema inatosha. Siku ile hakuna aliyeuliza kama mlango ni lile tundu au ni lile bati. Tukaishi miaka mitatu tumeipa barabara mgongo, na majirani wakatutania kwamba namba kumi na saba wamenuniana na dunia.

Kisha kampuni ikaleta habari ya kurenti. Mashini ya umeme ilikuwapo tangu zamani, lakini waya wake ulikwenda kwa wazungu, ofisini na kwenye pampu za mgodi. Sisi tulikuwa na vibatari. Mwezi wa nne wa hamsini na sita tukaitwa uwanjani tukaambiwa kila nyumba ya kampi itapata taa moja ya ampuli. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, mjinga mimi. Halafu Bwana wa kampi akasoma masharti. Nyumba zote zingefunguliwa na kusimamishwa upya juu ya simenti, katika mistari. Milango yote ingetazama barabara, kwa sababu waya ungetoka kwenye nguzo na kuingia juu ya mlango, nao umeshakatwa kwa kipimo. Nyumba itakayokaa kinyume haitapewa kurenti, na nyumba isiyo na kurenti haitakuwa tena ya familia: mume atahamia kwa mabachela, mke atarudi kwao.

Cécilia alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza tangu Mado. Usiku huo hakulia wala hakupiga kelele. Alimwambia mumewe, nikiwa nimekaa pale pale nachambua maharage:

"Mulango ile ikirudi mbele, mi sizalii hapa. Nitaenda kwa mama, na sitarudi."

Hakuwa mwanamke wa kutisha watu. Alichosema alifanya, kama ni kufua au kuondoka. Marcellin alijua hilo kuliko mimi.

Asubuhi alikwenda kwa Bwana wa kampi kuomba waya mita nne zaidi, ili nyumba yake ibaki ilivyo. Aliambiwa kwamba kampuni haipimi waya kwa mambo ya washenzi. Akaenda magazini, ghala la kampuni, kuomba kipande kipya cha mlango. Mtunza magazini, ambaye alikuwa mtu wa kwetu na alielewa vizuri sana anachoombwa, akamwonyesha rafu tupu. Siku tatu Marcellin alizunguka na spana yake mfukoni. Siku ya nne, nyumba zikiwa zimeshafunguliwa, akarudi amechangamka, akamwambia Cécilia kwamba amepata mlango mpya. Cécilia akauliza lile bati la zamani limekwenda wapi. Akasema limetupwa shimoni mgodini, limefunikwa na mchanga. Siku hiyo tulikula samaki.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kaka yangu ilikuwa ya miezi mitatu.

Nyumba hazikuwa zote za mkono mmoja. Ziliagizwa kwa nyakati mbalimbali, na matundu ya bolti ya hii hayakuingiliana na ya ile. Namba kumi na saba ilikuja katika lori moja pamoja na namba kumi na tisa tu, na namba kumi na tisa ilikuwa ya Grégoire, mtu wa pampu. Mkewe Ernestine ndiye aliyekuwa akitwanga pamoja na Cécilia kila siku, mchi huu unapanda ule unashuka. Walikuwa na mtoto wa miaka mitatu, Antoine, mnene, mwenye kuomba chakula nyumba zote bila haya. Nyumba sita za mstari wetu zilipolazwa kwenye majani zikisubiri simenti ikauke, Marcellin alibadilisha vipande viwili vya mlango, chetu na cha Grégoire, na kuviandika namba upya kwa rangi. Nilimwona vidole vina weupe. Nikamuuliza. Akaniambia nifunge kinywa, mtoto wa Cécilia azaliwe. Nilikuwa na miaka ishirini, sikuwa mtoto, na nilifunga. Hilo ni fungu langu, simwachii yeye peke yake.

Alijitetea kwangu mara moja tu. Alisema Grégoire hajui, na mtu asiyejua haogopi, na asiyeogopa hadhuriki. Nadhani aliyaamini maneno hayo kwa upande wa Grégoire na hakuyaamini kwa upande wake mwenyewe. Vinginevyo angemdanganya Cécilia tu kwamba bati ni jipya, asihangaike kubadilisha kitu.

Kurenti ikaja mwezi wa sita. Ilikuwa ampuli ndogo ya manjano, inawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa mbili, yote huko huko kwenye mashini. Kwako hakuna pa kuiwasha wala kuizima. Tuliona jinsi kuta zetu zilivyo chafu na mbu walivyo wengi. Wakubwa walikuja wakatembea kati ya mistari, wakaridhika, wakaondoka. Ernestine alicheza chini ya ampuli yake akimshika Antoine mikono, na Cécilia akacheka mpaka akashika tumbo. Marcellin alitoka nje akakaa juu ya simenti.

Mwezi wa saba surua iliingia kampini. Ilichukua watoto saba. Surua haibishi hodi, haichagui mlango. Ilichukua wa wakristo na wa waislamu, wa nyumba zilizogeuzwa na zisizogeuzwa. Nalisema hili mpaka leo kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Antoine alikuwa wa nne.

Siku mbili baada ya maziko Grégoire alikuja kwetu. Hakuwa amenyoa. Cécilia alimpa kiti, akakaa, kisha akamgeukia Marcellin.

"Ndugu, weye ndiye fundi. Ernestine hataki kuingia mu nyumba. Bwana wa kampi akatae, akubali, mi sina habari naye. Utugeuzie mulango, kama uligeuza ya kwenu."

Marcellin alichukua spana juu ya sanduku. Alifika nusu ya chumba, akarudi, akakaa chini. Nadhani aliona mikono yake ikilifungua lile bati tena baada ya kifo cha mtoto, bolti zile zile, baba mwingine amesimama nyuma yake. Akasema yote, tangu waya wa mita nne mpaka rangi nyeupe. Cécilia alikuwa amesimama mlangoni, akasikia kila neno.

Nilingoja Grégoire ampige. Ningemshukuru. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Juu ya nini ulichagua sisi?"

"Matundu ilikuwa inalingana," Marcellin akajibu.

Grégoire akatikisa kichwa, akasimama, akaenda zake. Hakumshitaki kwa mtu yeyote. Mwisho wa mwezi alimchukua Ernestine wakahamia kwao karibu na Kasongo, na nyumba yao wakapewa watu wengine ambao hawakuambiwa kitu.

Cécilia alifunga nguo zake jioni ile ile Grégoire alipotoka kwetu, kabla kurenti haijawashwa. Marcellin alimfuata huku na huku akimweleza kuhusu surua, maneno yale yale ninayoyasema mimi leo, na yalikuwa ya kweli, na hayakumsaidia kitu. Alipomwambia kwamba alifanya kwa ajili yake na mtoto aliye tumboni, ndipo mkewe alipoacha kukunja nguo.

"Ungeniambia hakuna mulango ingine, ningepita mu ile yetu," akasema. "Ningeogopa, lakini ningepita. Mado alipita pale, ni mutoto yangu. Sasa Ernestine nitamuangalia na macho gani?"

Swali lile lilikuwa langu pia. Nilijua nikafunga kinywa, na macho yangu yalikuwa kama ya kaka yangu. Kesho yake tulipanda lori la pamba, Cécilia na mimi, kwa sababu mwanamke mwenye mimba hasafiri peke yake, na kwa sababu sikuweza kubaki. Kwa kuwa mke ameondoka, Marcellin alitolewa namba kumi na saba akapelekwa kwa mabachela, ambako waya haukufika. Alirudia kibatari.

Mtoto alizaliwa Kabambare mwezi wa tisa, msichana, mzima. Nilimwandikia kaka yangu. Aliomba ruhusa ya kuja akanyimwa, akaomba tena akanyimwa, na kwa kweli sijui kama aliomba kwa nguvu. Alituma vitenge mara mbili. Cécilia alimpa mama yake avae.

Mkataba wake uliisha mwaka wa hamsini na nane, naye akaja. Nilikuwa uani kwa mama yake Cécilia, nasaidia kupepeta mchele. Alikuwa amekonda, amevaa viatu vya kampuni, amebeba kifurushi na kopo la sadini. Alisalimia, tukaitikia. Kisha akasimama, akingoja karibu, neno ambalo kwetu hata mchuuzi wa chumvi huambiwa, na mama mkwe wake akaendelea kupepeta. Nilitaka kulisema mimi. Haikuwa nyumba yangu.

Cécilia alitoka na kikombe cha maji, kwa sababu mtu ametembea mbali. Mtoto alimfuata akishika kitenge chake. Uso ulikuwa wa Marcellin, hata mtu kipofu angeujua. Alimtazama yule mtu aliyesimama juani, akamuuliza mama yake ni nani.

"Ni fundi," Cécilia akasema. "Ametoka Lusangi."

Marcellin alikunywa maji yote. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akamwambia Cécilia asante mama, akaweka kifurushi chini karibu na ungo, akatoka.