Ndoana Zilizonyooka

Ndoana ilirudi imenyooka kama sindano ya kushonea.

Sijui kama mnanielewa. Namaanisha ndoana nene ya chuma, ya kuvulia changu wakubwa. Niliishusha majini imejikunja vizuri, samaki akashika, nikavuta, mara mshipi ukalegea. Kupandisha, nakuta kitu kimenyooka utadhani hakijawahi kuwa ndoana.

Mara ya kwanza nilicheka.

"Shemeji, huyo si changu, huyo ni bondia," nikamwambia mwenzangu.

Shemeji naye akacheka. "Ulimkaba sana. Siku nyingine mpe nafasi apumue."

Mara ya pili sikucheka. Ya tatu, nikaanza kumtazama shemeji kwa jicho la pembeni.

Ngoja niwape picha nzima, maana bila hiyo mtanihukumu vibaya.

Mimi kazi yangu ni mshipi. Wavu siujui na wala sijutii. Samaki wangu ni changu, na kuna watu wanadhani kumvua changu ni kutupa ndoana na kumwachia Mungu. Thubutu.

Changu mdogo ni mlafi, anakula chochote. Changu mkubwa ni kama mtu aliyewahi kutapeliwa. Anasogea, ananusa, anakibonyeza chambo kwa mdomo, na akihisi uzito tu, huyo, kaenda zake.

Kwa hiyo risasi, ile ya kuzamishia mshipi, unaitoboa katikati ili mshipi upite ndani yake. Chini ya risasi unafunga kipande kirefu cha mshipi mwembamba, na mwisho wake ndoana moja tu. Changu akibeba chambo, mshipi unateleza ndani ya risasi, yeye hahisi kitu. Anajiona mjanja.

Maji yakienda kasi, unageuza. Risasi inakaa chini kabisa, ndoana zinaning'inia juu yake, la sivyo zinajisokota na unashinda unafumua mafundo.

Na chambo? Ukiweka kamba, wale wa baharini, utalisha vitoto vya samaki mpaka jioni. Ngisi ni mzuri, mgumu, hang'oki ovyo. Ila kwa baba lao, weka mnofu wa samaki mbichi na ngozi yake, uutoboe mara mbili, ncha ya ndoana ichungulie nje.

Halafu mkono. Akidonoa, tulia. Akibeba, vuta bila huruma, kwa sababu akipata nafasi ya kugeuka tu, anaingia kwenye mwamba na hapo mmeagana.

Hayo yote nilimfundisha shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa, dada mtu ndiye aliyemlea. Nilipooa, nilioa wawili, kama watu walivyokuwa wakinitania. Alipokua hakushika kazi yoyote. Gereji walimfukuza, kwenye duka la vifaa vya ujenzi walimfukuza. Nikasema basi, njoo majini.

Siku ya kwanza alijichoma ndoana kwenye suruali, tukairudisha nyumbani suruali ikiwa na tundu la aibu. Nilimvumilia. Akajifunza polepole, na sikatai, akawa mvuvi.

Sasa boti tuliyokuwa tunafanyia kazi ilikuwa ya mama mmoja mjane, sote tunamwita Mama Boti. Mama wa maneno machache na ulimi mkali. Siku moja alituita nyumbani kwake, akatukalisha barazani.

"Miguu yangu imechoka kupanda na kushuka huku," akasema. "Nahamia kwa binti yangu. Boti siuzi. Namwachia mmoja wenu aiendeshe kama yake, na mwingine awe chini yake. Mpaka mwezi mwingine uandame, nitatazama nani anajua changu."

Wenzangu, nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka yote. Tangu ujana wangu nafanya kazi kwenye vyombo vya watu, naambiwa keti hapa, toka pale. Niliposikia "kama yake", nikajiona tayari nahodha.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani. Alisimamisha mguu, akanitazama.

"Wewe na mdogo wangu?"

"Mimi na mdogo wako. Ila usiwe na wasiwasi, nikishinda namchukua mimi. Hawezi kulala njaa."

"Sawa," akasema, akaendelea kushona.

Mke wangu ni fundi wa nguo na ni mtoto wa mhunzi. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akifua visu na majembe, na binti yake ndiye aliyekuwa akimvutia mivukuto ya kuchochea moto. Hata ndoana zangu ni yeye aliyekuwa akizitunza. Nikinunua mpya, namkabidhi, anazipaka mafuta ya cherehani zisishike kutu, anazipanga kwenye kopo lake pale mezani. Asubuhi nachukua kopo, naondoka. Wenzangu walikuwa wananionea wivu.

Basi, mashindano yakaanza, na mimi nikaanza kunyookewa na ndoana.

Wadogo walikuwa wanapanda vizuri tu. Akija mkubwa, yule wa kumfanya Mama Boti ainuke kwenye kiti, mshipi unalegea. Nikabadilisha kila kitu. Nikaongeza urefu wa mshipi mwembamba, nikapunguza risasi, nikahama kutoka mnofu kwenda ngisi. Nikarudi dukani nikanunua ndoana nyingine, na palepale nikazikandamiza moja moja kwenye ukingo wa kaunta. Ngumu kama roho ya mwenye nyumba wangu.

Kesho yake zikanyooka vilevile.

Shemeji alinunua duka lilelile. Zake zinashika. Anapandisha changu wekundu, wanene, mpaka anaona haya kunitazama.

"Labda mkono wako una haraka siku hizi," akaniambia.

Mimi? Aliyemfundisha mkono ni nani?

Nikaanza kupiga hesabu zangu. Botini tuko wawili. Kopo langu linakaa nyuma, karibu na miguu yake. Mimi nikishughulika na nanga, nampa mgongo. Dukani ndoana ngumu, majini ndoana laini. Katikati kuna nani? Kuna shemeji.

Siku ya kutoa uamuzi, Mama Boti alikuja mwenyewe ufukweni. Shemeji alishusha changu ambaye mkia wake ulining'inia nje ya karai. Mimi nilikuwa na vidogo vya kuchangamsha mchuzi.

Nikashindwa kujizuia.

"Mama, huyu ananichezea. Ndoana zangu anazibadilisha botini."

Watu wakageuka. Shemeji alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi usingizini.

"Shemeji, mimi?"

"Wewe. Nimekutoa mbali, ndiyo shukrani yako hii."

Akaokota mshipi wake akaondoka. Yule samaki alimwacha palepale.

Mama Boti alinyoosha kidole akaligusa kopo langu. "Umemwona akifanya hivyo?"

"Sijamwona, lakini..."

"Mtu anayemtuhumu mwenzake kwa jambo ambalo hakuliona, mimi siwezi kumwachia boti yangu. Ni ya mdogo."

Ikawa imeisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka mwili na roho. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaja kukaa karibu yangu, akanishika mkono.

"Baba watoto, yule ni mtoto wako. Mdogo wangu hajui hata kuiba sukari. Kamwombe radhi."

Ndugu zangu, nilikwenda. Tulikwenda wote. Nilimbebea shemeji koti langu la mvua, lile zuri, nikamwambia nimekosa, hasira za kushindwa zilinipanda kichwani. Alilia. Nami nililia. Mke wangu alikaa pembeni anajifuta macho kwa kanga.

"Mnaona?" akasema. "Damu haigombani."

Nilimwona mwanamke wa maana sana siku hiyo. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtu wa kunirudisha kwenye mstari.

Siku chache baadaye Mama Boti akaandaa chakula cha mchana cha kumkabidhi shemeji funguo za injini. Mke wangu alitangulia asubuhi kwenda kusaidia kupika. Mimi nikabaki, nikatoa shati langu jeupe, limejikunja kama uso wangu.

Nikachukua pasi ya mkaa, ile kubwa anayonyooshea nguo za wateja. Sikuwa nimewahi kuishika. Nikaifungua nimwage majivu ya zamani kabla sijatia makaa.

Majivu yakamwagika. Ndani yake kukaanguka kitu kikalia sakafuni.

Nikainama. Ndoana.

Ilikuwa yangu. Jicho lake nilikuwa nimelisugua kwa tupa, kama nilivyozoea, ili lisikate mshipi. Niliishika kwa vidole viwili nikaikunjua. Ilifunguka taratibu, laini, kama waya wa kufungia ufagio.

Niliketi palepale sakafuni na shati langu mapajani.

Nikakumbuka jambo ambalo mke wangu aliwahi kunihadithia tukiwa wachumba, akimsifia baba yake. Kwamba chuma ukikichoma kikawa chekundu ukakitumbukiza majini, kinakuwa kigumu. Ila ukikiacha kipoe chenyewe, polepole, ndani ya majivu, kinalainika na hakifai tena kwa kazi.

Ndani ya majivu. Halafu mafuta ya cherehani juu yake, na nikapewa kopo langu mlangoni kila asubuhi pamoja na "Mungu akutangulie".

Nilivaa shati bila kulinyoosha. Ndoana nikaitia mfukoni.

Kwa Mama Boti watu walikuwa wamejaa, wanacheka. Mke wangu alikuwa uani anaosha sahani. Nilichukua mkono wake ukiwa umelowa, nikaweka ile ndoana kiganjani.

Aliitazama. Hakujifanya haelewi, na hilo angalau nampa.

"Nimeikuta kwenye pasi," nikasema.

"Nilijua ipo moja sikuiona."

"Zote?"

"Zile kubwa tu."

"Kwa nini?"

Akafuta mikono kwenye nguo yake, taratibu. "Wewe ukiikosa boti, unabaki na ufundi wako. Kila mwenye chombo anakutaka. Unabaki na watoto, unabaki na mimi. Yeye akiikosa anabaki na nini? Utamchukua, ulisema. Atakuwa wa kuchukuliwa mpaka lini? Mama alinikabidhi yule mtoto, mume wangu. Nilimwahidi."

"Na mimi uliniahidi nini?"

Akainamia sahani.

"Ukanipeleka kuomba radhi," nikasema. "Ukakaa pale unalia."

"Nililia kweli."

Hapo ndipo paliponichoma. Boti ningeweza kuisamehe. Lakini mtu anakukata, kisha anakufunga kidonda kwa mikono ileile, na wewe unamwambia asante.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Ukimwambia umemmaliza. Tangu azaliwe ni mara ya kwanza anajiona mtu."

Kabla sijajibu, shemeji mwenyewe akatokea uani, amevaa lile koti langu la mvua juani, jasho linamtiririka, anacheka mpaka jino la mwisho.

"Mko huku? Shemeji, kesho alfajiri tunatoka. Wewe utakaa mbele, mimi siwezi kumpa amri mwalimu wangu." Akanishika bega. "Kusema kweli sikuamini kama ningekushinda hata siku moja."

Mke wangu alikuwa amefumba ngumi. Ndoana ilikuwa humo ndani. Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona ananiogopa.

Neno moja tu lingetosha. Lilikuwa mdomoni, nalisikia uchungu wake.

"Hongera, nahodha," nikamwambia shemeji.

Akanikumbatia. Mama Boti akaita watu waje kula.

Mpaka leo natoka naye. Ni nahodha mzuri, sina la kumsingizia. Ndoana zangu sasa zinalala botini, na kila moja naipima kwenye ubao kabla sijaifunga. Hazijanyooka tena.

Nyumbani tunaishi. Tunakula, tunaongea habari za ada na za mvua. Watu wanaomba ushauri wa ndoa kwetu, mjue.

Walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikiisikia kama methali ya kufundishia watoto shuleni. Kumbe kilichokuwa kikinila kilikuwa hata nguo zenyewe kinaninyooshea. Basi nawaachia hili: ndoana yako ikinyooka, usiwahi kumnyooshea kidole uliyekaa naye botini. Jiulize kwanza ililala wapi.

Leo asubuhi mke wangu alinisimamia mlangoni, pasi mkononi, akaniuliza kama aninyooshee shati.

Nikamwambia acha, nitalivaa hivyohivyo na mikunjo yake.