Mawese Kwenye Shata

Hezroni, fundi saa wa sokoni Kyela, ana miaka sabini na mdomo wake hauna pazia. Hakuna anayempelekea kifaa akaondoka bila kugombezwa. Wiki iliyopita Mama Ikupa alimletea kamera ya marehemu mumewe, Ambwene, mpiga picha aliyezikwa Ipyana mwaka juzi. Ilikuwa haifyatuki. Hezroni akaifungua, akaitoa shata kwa koleo ndogo, akainusa. Vile vibati vyembamba vinavyofunguka kupitisha mwanga vilikuwa vimegandana.

“Mawese,” alifoka. “Shata hufanya kazi ikiwa kavu. Mpumbavu gani kaipaka mawese?”

Mama Ikupa akatazama chini. “Ni mimi, fundi. Kila Jumapili nikitoka kanisani naitia tone moja, kama mwenyewe alivyokuwa akitia kwenye bawaba za studio. Sikutaka ishikwe na kutu.”

Hezroni alivisafisha vibati kimoja kimoja kwa petroli, akavikausha, akavirudisha mahali pake. Kisha akaielekeza kamera kwenye mwanga wa mlangoni, alipokaa yule mama, akabonyeza. Shata ikalia vizuri.

Mama Ikupa alikuwa ameketi wima, kitenge amekinyoosha magotini, akiitazama lenzi bila kupepesa.

“Haina filamu, mama,” Hezroni alisema taratibu.

“Najua. Ambwene alikuwa akinipiga picha kila Jumapili. Nilikuwa nimeusahau huo mlio.”

Hezroni akaijaza tena springi, akainua kamera usoni.

“Inua kidevu kidogo,” akasema.