Glasi ya Kwanza ni ya Papa

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya Juni 2017, saa tisa alasiri, sebuleni kwetu Jeppestown. Wakwe walileta kreti za bia pamoja na mahari ya dada Neema. Miaka yote kanisa letu lilikataza pombe katika matawi yake yote ya Afrika Kusini, na kwenye mahari tulikunywa Fanta. Wiki ile wachungaji walikuwa wamefuta katazo. Watu walifurahi sana. Mimi nilimtazama Papa, baba yetu. Zamani pombe ilikuwa karibu imuue, na katazo lile ndilo lililomsaidia kuiacha.

Sisi watu wa Bukavu, baba wa binti ndiye anayeonja kwanza. Asipoonja, wageni hawanywi.

"Mzee, onja basi, tuna kiu! Au bado unamwogopa pasta?" mjomba wa bwana harusi akamtania. "Eish, pasta mwenyewe yuko chupa ya pili!"

Wakacheka. Papa naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Nilikuwa karibu naye na sinia mkononi. Nilitaka kumwambia asinywe, lakini nikamsogezea sinia. Akanywa. Giza lilipoanza kuingia, alimsukuma Mama aliyetaka kumwondolea chupa.

Koko, mama yake Papa, akanivuta jikoni. Naandika alivyosema.

"Mwanangu, bado naiona siku ile, nikiwa na umri wako. Chifu wetu alifungulia kasiksi, ile pombe ya ndizi, baada ya kuikataza muda mrefu. Baba yangu, mlevi wa zamani, alikuwa ametulia, analima, jioni anatubeba mabegani. Wenzake wakamletea kibuyu, wakamcheka. Shangazi akasimama katikati yao: 'Chifu amewaruhusu kunywa. Hakusema mumnyweshe huyu!' Wakamfukuza, na sisi wote tukanyamaza. Baba wa mabegani hatukumwona tena, mpaka tukamzika. Basi sikia, mwanangu. Kuna mtu alikuwa ameegemea lile katazo. Likiondolewa, usimcheke, usimwache peke yake. Msemee, hata kama sauti inatetemeka. Na wewe, wakikuambia sasa inaruhusiwa, jiulize kwanza kama unaitaka. Mungu akupe sauti, binti yangu. Akuachie baba yako."

Alikuwa analia, anafuta sufuria ambayo ilishakauka. Papa ni mtoto wake.

Asubuhi nilimpelekea Papa chai, nikakaa sakafuni karibu na kitanda.

"Papa, wageni wakija kumaliza zile kreti, nitawaambia hunywi."

Macho yake yalikuwa mekundu. "Utawaambia nini? Kanisa halikatazi tena."

"Nitasema nakataza mimi."

Akageukia ukutani. Nikachukua kiti, nikaenda kukaa mlangoni kuwangojea wageni.