Siku Zilizofutwa za Mto Mbarali

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha kupima maji alinipeleka Igawa, chini ya daraja, akanionyesha geji: ubao wenye namba uliosimikwa ndani ya Mto Mbarali kupimia kina cha maji.

"Utaisoma asubuhi na jioni," akasema. "Na namba ya leo usiisome peke yake, binti. Iweke kando ya ile ya jana."

Nilisoma geji ile miaka mingi, nikahamishiwa Ipogolo kuupima Mto Ruaha Mdogo, na mwishowe nikaletwa ofisini Rujewa kutunza madaftari. Huko ndiko Mhandisi wa Bonde alikomleta Atupele, binti mtaalamu wa programu kutoka Mbeya mjini. Walitaka kompyuta itabiri mafuriko siku moja kabla, ili wafugaji na wakulima wa mpunga wahame mapema.

Atupele hakuwa mchoyo wa elimu. Alinieleza kwamba anatumia mtandao wa neva unaojirudia: programu inayosoma siku moja moja kwa mpangilio, na kila ikimaliza siku inabaki na muhtasari wa ilichokiona, inaubeba kwenda siku inayofuata. Hakuiandika yote mwenyewe. Aliita kwa mistari michache vipande vilivyoandikwa na wengine, mkusanyiko unaoitwa maktaba. Maktaba ilikuwa na masharti: uiambie una mifululizo mingapi ya siku, kila mmoja una siku ngapi, na kila siku umepima vitu vingapi. Sisi tulikuwa na viwili, kina na mvua. Nilikaa pembeni yake nikistaajabu kuona kazi ya miguu yangu inaingia mle.

Lakini tulipoijaribu kwa masika yaliyowahi kuvunja tuta la mashamba, ilisema mto ungepanda kidogo tu. Mhandisi akakunja uso.

"Kama mafuriko hayo haikuyaona, siwezi kuwaambia watu wahame. Nawapa wiki mbili, kisha tunaachana nayo."

Atupele alikagua programu mstari kwa mstari, asione kosa. Nikamwuliza, "Mwanangu, siku zisizo na namba umezifanyaje?"

"Nimezifuta, mama. Zilikuwa tupu, nikaunganisha zilizobaki."

"Hazikuwa tupu. Siku hizo maji yalifunika geji, sikuweza kuisoma."

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Basi nimefuta mafuriko yote!"

Tulifungua madaftari. Pembeni nilikuwa nimeandika maji yalifika wapi kwenye nguzo ya daraja. Tukaenda Igawa na futi kamba, tukapima nguzo, tukageuza maneno yangu kuwa namba. Siku ambazo hata maelezo hayakuwepo, Atupele alizifunika, kwani maktaba inaruhusu: siku inabaki mahali pake, ila mtandao unaipita ukiwa umeshika muhtasari wake. Kisha akaufundisha upya. Safari hii mafuriko yaliyovunja tuta yakaonekana, na Mhandisi akakubali tuendelee nayo.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja yenye jua kali, programu ikasema Mbarali utafurika kesho. Mhandisi alitazama mbingu, akamtazama Atupele.

"Una uhakika?"

"Milimani imenyesha siku nne, mhandisi. Mtandao umezibeba zote."

Akapiga simu kwa watendaji wa vijiji. Alasiri ng'ombe walikuwa njiani kwenda mwinuko, akina mama wakibeba magunia ya mbegu. Kesho yake maji yalifunika majaruba yote ya mpunga. Hakusombwa mtu, wala ndama.

Nilistaafu mwaka huo. Vijana huniuliza kama mashine imetunyang'anya kazi. Ninawajibu kwamba nilimwona binti mwenye elimu kubwa akikubali kosa lake mbele ya msoma geji, akaenda naye mtoni siku hiyohiyo. Wakubwa wangu wengi niliwaheshimu kwa vyeo vyao. Atupele nilimheshimu kwa matope yaliyokuwa kwenye viatu vyake.