Kontrola ya Mama Muoki

Fremu ya ile mashine ya kuchonga mbao niliichomelea mimi, Munene wa Kariobangi, kwetu Murang'a, na fundi mwingine wa kunyoosha chuma hivyo Eastlands bado hajazaliwa. Shule niliiacha mapema, ikabaki ikinililia. Lakini leo sijisifu mimi, ama najisifu kidogo tu. Namsifu Kalekye, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Muoki.

Mama Muoki anachonga milango. Babake alichonga, babu yake akachonga. Ukiona mlango wa kanisa uko na majani ya mzabibu yanakaa kama yatapeperuka, huyo ni yeye. Sasa mkono wa kulia umemgomea. Akishika tezo kidogo tu, vidole vinakufa ganzi, ndio maana tunamuundia mashine ichonge badala yake. Kanisa moja la Dandora limempa mlango, na mbao za muhugu, ule mti mgumu, ziko kwa kibanda chake. Mashine ikishindwa na hayo majani, mlango anarudisha, kibanda anafunga. Alituambia hivyo akikunywa chai, kama mtu anasema kesho kutanyesha.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, kontrola, ile inapelekea mota stima na kuziambia zizunguke kiasi gani. Tukaenda dukani kwa Patrobas. Akatuwekea mbili. Moja ndogo, kila kitu kwa bodi moja. Ingine kubwa, kila mota na boksi yake.

"Chukueni ndogo," Patrobas akasema. "Wachongaji wangu wote wanatumia hii."

"Hiyo ndogo iko sawa kabisa," nikaongeza, na sauti ya profesa.

Mama Muoki akaigeuza mkononi. "Najaribia wapi?"

"Kujaribu aje, mama?"

"Tezo sinunui kabla sijaigonga kwa mti wangu. Sembuse hii?"

Patrobas akacheka. Mimi nikacheka kumshinda. Kesho yake mama akafika na mkokoteni, mashine nzima juu, na kipande cha muhugu.

"Mama, hii ni duka, si karakana!"

"Unauza ama niende?"

Tukafunga ile ndogo. Saiprasi ya Patrobas, mti laini, ikachongeka kama siagi, akanikonyezea. Mama akaitoa, akaweka muhugu. Jani likaanza vizuri, halafu mota ikalia kama mbuzi wa kichinjio cha Kiamaiko, ikakwama, ikaruka. Mashine ikaendelea tu, haijui imepotea. Jani likatoka shingo upande.

"Mota zako ni kubwa," Patrobas akasema polepole. "Hii haizipei stima ya kutosha mti mgumu."

"Jana hukuniuliza nachonga mti gani."

"Mimi nilijua," nikasema.

Mama akanitazama. "Munene, si wewe ulisema ndogo?"

"Nilikuwa nampima Patrobas."

"Nyinyi watu wa Murang'a, mdomo ungekuwa patasi mngekuwa mmemaliza msitu."

Tukafunga kubwa. Mota zikanguruma tu, chini chini, hazikukwama mahali. Jani likatoka na mishipa yake yote. Mama akapitisha kidole gumba cha kushoto ukingoni, akitafuta kosa. Alitafuta sana. Patrobas akaacha kupumua, na mimi, ambaye siogopi kitu, nikaangalia viatu.

Akatoa simu. "Mzee wa kanisa? Ni Kalekye. Huo mlango sirudishi. Njoo uchague mahali pa bawaba."