Kumtafuta Khalfan Meksiko

"Nenda ukamtafute nduguyo," mama aliniambia. "Nnataka khabari yake, iwe nzuri, iwe mbaya. Nimechoka kukaa baina na baina."

Kaka yangu Khalfan alikuwa baharia. Tulipohama Unguja kuja Maskati mwaka 1964, yeye alikuwa melini, barua zake zikawa zinatufuata. Ya mwisho ilitoka Meksiko, kijiji cha kando ya mto karibu na bandari ya Veracruz. Alisema anaumwa kidogo, ameshuka apumzike. Kisha kimya, miaka miwili.

Mwaka 1969 nikatoka. Ruhusa ya kusafiri ilikawia hata nikakata tamaa. Ilipopatikana nikaomba kazi ya kumenya viazi katika jiko la meli ya mizigo, mimi niliyekuwa sijui hata kuchemsha yai.

Veracruz, asubuhi. Sikuwa tayari kwa nchi ile. Maskati tumezoea mawe na jua. Huku kuna minazi, mihogo, na embe zinauzwa zimekatwa, zimetiwa chumvi na pilipili kama kwetu Unguja. Nilisimama njiani nikala embe huku nalia, na kosa si la pilipili. Nahodha alikuwa amenipa siku tatu.

Saa tatu nilipanda basi. Watu wa kule wana adabu, kila anayeingia husalimu wote. Mzee mmoja alinimegea mkate wao wa mahindi, mwembamba, ndani una maharage, nami nikampa tende. Njia nzima nilikuwa nikiokota maneno. Meza wanaiita mesa, bendera ni bandera, sukari wanasema asukar. Nikavimba kichwa, nikaona Kihispania nimeshakimaliza.

Adhuhuri nilishuka kijijini, nikamwonyesha muuza matunda picha ya Khalfan. Aliitazama sana.

"Iglesia," alisema, akanyoosha mkono mwisho wa njia.

Mimi nikasikia gereza. Maskati gereza ni ile ngome juu ya jabali, na hakuna anayemtakia nduguye kuingia mle. Lakini wallahi nilifurahi. Aliyefungwa yu hai! Ndiyo maana haandiki. Nilinunua ndizi na mkate wa kumpelekea, nikaenda nikipanga maneno ya kumgombeza kabla sijamkumbatia.

Nilifika penye jengo kubwa jeupe, mlango wazi. Nilitafuta askari wa kumwomba ruhusa, nisione askari. Nikainua macho nikaona kengele, na juu ya kengele msalaba: kumbe iglesia ni kanisa. Nilibaki nimesimama na ndizi zangu mkononi.

Mwanamke mmoja alikuja mbio nyuma yangu, muuza matunda amemwita. Jina lake Lupe, na Khalfan alikuwa amepanga chumba kwake. Alikuwa na Kiingereza kidogo cha bandarini, kama changu.

"Wewe ndugu yake," alisema. "Uso mmoja."

"Yuko wapi?"

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kanisa. Makaburi yalikuwa yamepangwa safu, yote yamenyooka, kila moja na msalaba wake. Moja tu lilikuwa halina msalaba, nalo limekaa mshazari.

"Wachimbaji waligombana na mimi," Lupe alisema. "Lakini yeye aliniomba. Alale ubavu wa kulia, uso kule alikokuwa akielekea akisali. Nilimwahidi."

Nilitazama jua, nikakisia. Ndiko. Nikakaa chini nikasoma Fatiha. Lupe alijifunika mtandio, akasimama nami mpaka nilipomaliza. Nilikuwa nimelelewa kudhani kwamba amana ya Mwislamu huiweka Mwislamu mwenzake. Siku ile nilijifunza vingine.

Maskati, miezi mitano baadaye. Mama aliponiona naingia peke yangu alifahamu. Hakulia.

"Umeliona kaburi?"

"Nimeliona, mama."

"Nani kamzika?"

"Mwanamke wa Kikristo. Uani kwa kanisa."

Alikaza leso yake kwa vidole. Niliona anataka kuuliza na anaogopa jawabu.

"Na kibla?"

"Kaelekezwa kibla, mama. Katika makaburi yote, lake peke yake."

Hapo ndipo alipolia, akalia sana, nami nikalia naye. Alipopata sauti aliniuliza, "Nani jina lake huyo mwanamke?"

Nikamtajia. Alilirudia mara tatu asije akalisahau. Mpaka leo akimaliza kusali, baada ya kumwombea Khalfan, humwombea Lupe.