Siku Jina Lilipomshika Mdogo Wangu

Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la kanisa moja pale Busia, nimemsindikiza binti yangu na mtoto wake, nikamsikiliza mwalimu kijana akiwaeleza wazazi habari za usonji. Alisema wako watoto ambao kelele tuliyoizoea sisi wao huwaumiza. Hawakutazami usoni, hawajui kukuambia wameogopa au wamekasirika, kwa hiyo hulia, huuma, hujigonga kichwa ukutani. Si ukaidi, alisema, wala si laana. Wazazi waliandika. Mimi sikuandika kitu, nilikuwa na hasira nusura nitoke nje. Neno hilo limetembea miaka sitini kabla ya kufika kwetu, na wa kwetu aliyelihitaji yuko chini ya udongo zamani.

Kwetu, rafiki yangu, palikuwa upande wa Uganda, njia ya kwenda Masafu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mpaka haukuwa na foleni ya malori kama leo. Mama alivuka kwenda Kenya kununua chumvi na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Baba alifanya kazi ya reli Tororo, na tulimwona mwisho wa mwezi tu, akija na mkate uliofungwa kwa gazeti. Ukitaka utamu wa siku zile ninao wa kutosha. Ninayo harufu ya muhogo uliovundikwa ukikauka juu ya mwamba, ninao ugali wa wimbi wenye rangi ya udongo, ninazo pamba tulizorukia ghalani mpaka nyanya akatufukuza na ufagio. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, maana katika utamu huo wote mtoto alikuwa analia.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Alipenda kupanga magunzi ya mahindi kwa urefu, moja baada ya jingine, na kuku akipita akayavuruga, alilia mpaka akatapika. Ngoma ya kanisani ilimfanya azibe masikio na kujitupa chini. Hakumwita mama wala mtu yeyote. Jirani yetu alipomkamata mashavu ili amtazame machoni, alimuuma kidole hadi damu ikatoka, na jirani akatangaza kisimani kwamba kwetu kuna mtoto asiyefundishwa. Mama alimchapa. Alipochapwa alicheka, kisha akalia zaidi, na mama naye akakaa chini akalia.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kitu ambacho hawakukijua. Kila jioni nikitoka shule nilisaga wimbi kwenye jiwe letu jikoni. Nikianza tu, mdogo wangu alikuja kulala ubavuni, akaweka shavu lake kwenye ukingo wa jiwe, na akanyamaza. Alikuwa akinguruma polepole pamoja na jiwe. Nikiacha, alinishika kifundo cha mkono na kuurudisha mkono wangu kazini. Hivyo ndivyo alivyoomba, na sikumwona akimwomba mtu mwingine kitu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu baba alikuwa ameshaamua. Mama alikuwa mjamzito, pamba ilitaka mikono, na mtoto hakuachika peke yake. Baba alisema asipotulia, basi mimi nitaacha shule nikae naye. Nilipenda shule kuliko chakula. Nikafikiri, wakijua ni jiwe, watanipigisha magoti kwenye jiwe hilo mpaka nitakapoolewa.

Nyanya alikuwa na dawa yake. Kwetu, mtoto akilia bila kukoma, husemwa kwamba jina alilopewa si lake, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Huitwa watu, na majina ya marehemu hutajwa mtoto akiwa analia. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Kwa kawaida hufanyiwa mtoto mchanga. Mdogo wangu alikuwa amekua, lakini nyanya alisema marehemu naye amechoka kusubiri.

Jumapili moja mchana wakaja. Wazee walizunguka chungu cha pombe ya wimbi na mirija yao mirefu, na mama akaketi katikati na mtoto akipiga mateke. Mimi niliambiwa niingie jikoni nisage unga wa wageni. Nyanya alitaja jina la kwanza, mtoto akalia. La pili, la tatu, akalia. Nikamimina wimbi nikainama, na niliposukuma jiwe la juu mara ya kwanza, nyanya alikuwa anataja jina la nne, la dada yake babu aliyekuwa ameolewa Samia, upande wa Kenya.

Mtoto akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa bahati wakanyamazishwa upesi, na mdogo wangu akateremka mapajani mwa mama, akaja jikoni, akalala ubavuni pangu. Niliendelea kusaga.

Wageni walipoondoka, mama aliingia jikoni akachuchumaa mbele yangu. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka miwili.

"Wewe ndiye unakaa na yeye," akaniambia. "Unaona jina imemshika?"

"Imemshika, mama," nikasema.

Wiki ile nilisaga kuliko kawaida. Nilisaga asubuhi kabla ya kwenda shule, nilisaga jioni, na mama akanisifu kwa majirani kwamba nimekuwa msichana wa kazi. Lakini mchana nilikuwa darasani, na mchana mtoto alilia vilevile. Nyanya alilifikiria jambo hilo, akasema jina limeshika, ila mwenye jina anataka kwake. Mtoto apelekwe Samia, kwenye boma la marehemu, akaishi na mke wa mwanawe. Mama aliniangalia, kisha akakubali. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimemwambia jina limeshika.

Siku ya kuondoka ndipo moyo uliponishinda. Nyanya alikuwa anamfunga mtoto mgongoni nilipomwambia kwamba si jina, ni jiwe, ananyamaza nikisaga. Nilitegemea nipigwe. Nyanya alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Huyo ndiye mwenyewe," akasema. "Huyo mama alikuwa anasaga, watu wanatoka mpaka Mukuju kutafuta unga yake. Kwa nini wewe hukusema mapema?"

Ukweli wangu ukawa muhuri wa uongo wangu. Wakaenda kwa miguu, na kilio nilikisikia mpaka walipopita kisima.

Disemba mama alinituma kwenda kuwaona. Mke wa yule mwana wa marehemu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sina wa kumtukana. Alinipikia samaki. Alinieleza kwamba wao hawasagi tena, siku hizi kuna mashine sokoni, na walipompeleka mtoto mara ya kwanza, injini ilipoguruma alijitupa chini akamkwaruza mwenye mashine usoni. Tangu hapo siku za soko humfunga mguu kwenye nguzo ya ghala. Kwa kitambaa laini, alinionyesha, si kwa kamba. Halafu akasema mtoto ameshatulia, ana adabu sasa.

Ni kweli alikuwa ametulia. Aliketi chini ya ghala, magunzi yako pembeni yake na hakuyapanga. Nilikaa karibu naye kwa muda mrefu. Mwishowe alinishika kifundo cha mkono, akauweka mkono wangu juu ya ardhi tupu. Nikaelewa. Nikausugua udongo mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka kiganja kikachubuka. Alisikiliza kidogo, kisha akauachilia mkono wangu na kugeukia nguzo.

Nilirudi nyumbani nikasema anaendelea vizuri. Ningesema nini? Muhula ulikuwa karibu kufunguliwa, na mama alikuwa amenishonea sare mpya kwa mkono wake.

Surua ilipita Samia kabla ya mvua ndefu. Mwanamke muuza dagaa ndiye aliyeleta habari, kwamba walikuwa wameshamzika, na kwamba hakusumbua hata siku moja alipougua. Mama alikuwa shambani. Hakupiga kelele, aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, halafu akakaa. Mwaka uleule jina la marehemu alipewa mtoto mwingine wa ukoo, na sasa wako wengi wenye jina hilo, wanene, wenye afya, wanaosimamia maduka Busia na kunisalimia kwa heshima. Jina lake la kwanza, lile alilozaliwa nalo, hakuna aliyetaka kulitumia tena. Watu wa kulikumbuka wamekwisha, nimebaki mimi.

Vijana huniambia zamani kulikuwa na upendo, mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Kulikuwa na upendo, sikatai. Mama alimpenda, nyanya alimpenda, hata yule wa kitambaa laini. Alikosa mtu mmoja tu wa kumsemea, na mtu huyo alikuwepo, alikuwa na miaka kumi, akijua kusoma na kuandika.

Habari za kifo zilitufikia Jumamosi. Jumatatu nilivaa sare nikaenda shule, na hakuna aliyenizuia.